Upinde Mweusi wa Zuhura

Nimestaafu. Brayo, cheka umalize, kisha usome. Watu wengine hustaafu wakiwa na mvi, wakapewa saa ya ukutani na hotuba ndefu. Mimi nimestaafu na miaka kumi na minane, nikapewa chapati zilizofungwa kwa gazeti. Lakini kazi ni kazi. Tangu nilipokuwa darasa la saba mpaka nikamaliza kidato cha nne, Jumamosi zangu na likizo zangu ziliishia katika karakana ya pinde ya Fundi Mbarak, hapa Majengo, Nyeri. Sasa naenda chuo, na nyinyi wawili, Gathoni na Brayo, ndio mmeshika msasa. Mnanijua mimi si mtu wa kuongea. Mkiniuliza kitu mbele ya watu naangalia viatu. Kwa hivyo nimeandika.

Sitawaambia nilipandishwa lini kutoka kufagia hadi kupaka gundi, maana hata mimi sijui. Siku moja nilijikuta nimeshika brashi na mtu mwingine ameshika ufagio. Nitawaambia mambo ya pinde, na nitawaambia ya Zuhura, kwa sababu mmekuja nyuma na mnaona tu fundi mnyamavu anayetengeneza pinde za watoto. Hakuwa hivyo.

Aliyenileta ni Zuhura mwenyewe, binti yake wa pekee. Tulikaa dawati moja. Mimi nilikuwa nakula githeri yangu ya mahindi na maharagwe peke yangu nyuma ya maktaba, si kwamba nilichukiwa, ni vile tu kuanza kuongea na watu kulinichosha kabla sijaanza. Zuhura alinikuta huko, akala nusu ya githeri bila kuuliza, na Jumamosi akanivuta kwa mkono hadi kwao.

"Baba, huyu ni Muthoni. Haongei, lakini akiandika insha mwalimu analia."

Fundi alikuwa amepiga magoti, akifunga kitu kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Kofia yake nyeupe ilikuwa imejaa vumbi la mbao. Akanitazama juu ya miwani.

"Analia kwa uzuri ama kwa uchungu?"

"Baba! Mpe kazi."

"Karibu, mama. Mtu asiyeongea ndiye ninayemtafuta tangu huyu azaliwe."

Zuhura alicheka mpaka akakaa chini. Mimi pia nilicheka, kidogo, ndani ya sweta. Ndivyo nilivyoajiriwa.

Kazi ya kwanza niliyopewa ni pamba. Nyinyi pia mlianza na pamba na najua mlifikiri ni mchezo. Fundi alichomoa kibonge kidogo kutoka kwa pakiti, ile pamba ya kawaida ya duka la dawa, akanipa upinde uliorudishwa na hoteli moja ya upande wa Nanyuki. Akaniambia niupitishe pamba taratibu, kutoka kwenye mshiko hadi kwenye ncha, mbele na nyuma, kama ninapangusa uso wa mtoto aliyelala. Pamba ikinasa mahali popote, hata uzi mmoja, hapo pana jeraha. Nilipitisha. Karibu na ncha ya chini uzi mmoja ukabaki, unatikisika kama nywele. Nikauonyesha kwa kidole kwa sababu nilikuwa naogopa kuita.

"Umeona?" akasema. "Macho yangu yalikuwa yamepita hapo mara mbili. Macho huchoka. Pamba haichoki."

Nilifurahi vibaya sana. Hiyo ilikuwa kazi ya watu kama mimi. Unakaa pembeni, unaguswa na jua la mlangoni, unasikiliza upinde kwa vidole, hakuna anayekuuliza maoni.

Kwa wale ambao hawajashika vizuri: upinde wetu una mshiko wa mti mgumu katikati. Fundi hupenda mutamaiyu, ule mti unaomaliza meno ya msumeno. Kisha kuna zile pande mbili zinazopinda, ambazo karakanani tunaziita mikono. Kila mkono ni kama sandwichi. Ndani kuna vipande vyembamba vya mwanzi, na juu na chini kuna faibaglasi, ule ukanda mgumu unaofanana na plastiki lakini ukiuvunja unakuta nyuzi za kioo. Vyote vinabandikwa kwa gundi ya mikebe miwili na kubanwa kwenye kalibu, huku vimezungushiwa ile mipira ya baiskeli mpaka upinde unafanana na mtu aliyevunjika mguu. Halafu unaingia kwenye sanduku lenye balbu ukauke. Mwezi wa saba, baridi ya Nyeri ikishuka na ukungu, gundi bila joto haikauki, inakaa tu inakuangalia. Stima ikipotea tunabeba sanduku hilo kama jeneza hadi jikoni kwa Mama Zuhura, tunalipanga karibu na jiko la makaa, na Mama Zuhura anasema kila mara, "Haya, leo tutakula upinde." Mnabeba, mnaomba radhi, mnatoka.

Kisa kilichonifundisha faibaglasi ni cha mzee mmoja wa Mwea, mkulima wa mpunga. Alikuja na upinde wetu umefungwa nyuma ya baiskeli yake kwa kamba ya katani. Ulikuwa umejaa mistari myeupe kila mahali, kama kucha iliyogongwa na nyundo. Fundi akaushika kama mtu aliyeshika mgonjwa.

"Mzee, umekuwa ukiufanyia nini huu upinde?"

"Nafukuza ndege, fundi. Ndege wanamaliza mchele yangu."

"Unawapiga mishale?"

"Mishale ya nini? Si itapotea kwa maji. Navuta tu, naachilia. Inalia twaa! Ndege zote zinaenda kwa jirani."

Fundi aliweka upinde chini polepole. Mnajua upinde ukiuvuta na kuuachilia bila mshale, ile nguvu yote ambayo ingeenda na mshale inarudi ndani ya mikono yenyewe. Ni kama kumtuma mtu mbio halafu mlango ufungwe usoni mwake. Wapiga mishale hawafanyi hivyo hata kwa mzaha. Mzee wetu alikuwa amefanya msimu mzima wa mpunga, asubuhi hadi jioni.

"Na jirani yako hajalalamika?" Zuhura aliuliza kutoka mlangoni.

"Jirani ndio amenituma. Ati anataka yake."

Tulicheka mpaka nikatokwa na machozi. Lakini mzee alipoondoka Fundi hakucheka tena. Alinionyesha ile mistari moja moja. Akasema huo ndio uungwana wa faibaglasi. Unaitesa, inavumilia. Ikichoka, inakuwa nyeupe. Ukiendelea, inatoa vinyuzi, vinanasa pamba. Ukiendelea bado, inaanza kulia, krr, krr, kila ukivuta. Ikivunjika ujue imekuomba mara nyingi. Nakumbuka aliongea kama anamsifu mtu wa familia. Mikono yake ilikuwa imefanya kazi na faibaglasi tangu kabla sisi hatujazaliwa, na pamba haikuwa imemdanganya hata siku moja.

Hapo ndipo kila kitu kilianzia, mkitaka kujua.

Kaboni ililetwa na mteja wa Nanyuki aliyekuwa akikarabati baiskeli za mashindano. Alikuja na mkunjo wa ukanda mweusi wa nyuzi za kaboni, mwembamba, unang'aa kama maji ya usiku. Alitaka atengenezewe upinde wa kienyeji lakini mwepesi, wenye kasi. Fundi aliuzungusha ule ukanda mikononi siku nzima. Kaboni ni ngumu kuliko faibaglasi, kwa hivyo unahitaji kidogo sana kupata nguvu ile ile. Mkono wa upinde unakuwa mwembamba, mwepesi, na ukiachilia hautumii nguvu kujibeba wenyewe. Nguvu inaenda kwa mshale. Tulipoujaribu upinde wa yule mteja kwenye uwanja wetu wa nyuma, ule unaoteremka kuelekea mtoni, mshale ulifika kabla sijageuza kichwa. Zuhura alikuwa amesimama kando yangu. Hakusema kitu. Zuhura kutosema kitu ni jambo la kuandikwa.

Wakati huo alikuwa ndiye mpigaji bora wa wasichana katika miji yetu hii yote ya mlimani. Sisemi kwa sababu ni rafiki yangu. Ukimwona akivuta, kidevu kimetulia, jicho la kulia limefuata mshale, ungedhani ni mtu mwingine, mtu mnyamavu. Aliniambia huo ndio wakati pekee kichwa chake hunyamaza. Mimi kichwa changu kilikuwa kimenyamaza siku zote, labda ndiyo sababu tulielewana. Kulikuwa na mchujo wa timu unakuja, na alitaka kuingia kuliko alivyowahi kutaka kitu.

"Baba, kaboni ilibaki?"

"Ilibaki ya mtu mwenye adabu."

"Si mimi niko na adabu. Muulize Muthoni."

Nikaangalia viatu.

"Ona, hata shahidi wako amekukana," Fundi akasema, lakini alikuwa ameshaanza kupima urefu wa mikono ya binti yake kwa macho.

Aliutengeneza kwa muda mrefu. Hakuna upinde niliowahi kuuona ukishikwa vile. Mwanzi aliuchagua yeye mwenyewe, akaukataa, akachagua mwingine. Kaboni aliiweka nje, mbele na nyuma, pale pale ambapo kwa kawaida tungeweka faibaglasi. Aliona ni kitu kile kile, ila bora zaidi. Nani angemwambia tofauti? Hakukuwa na wa kumwuliza hapa. Alipomaliza, upinde ulikuwa mweusi kabisa, mwembamba mpaka ukaonekana kama mchoro wa upinde. Zuhura aliuvuta mara ya kwanza akiwa na sare ya shule na viatu vya Bata. Mshale uliingia kwenye robota la nyasi mpaka manyoya.

"Baba," akasema, "sasa nitaolewa na huu."

"Basi mahari nimeshakula," Fundi akajibu.

Sijawahi kuona baba na mtoto wakipendana kwa utani vile. Kwetu tunapendana kwa kuulizana kama umekula.

Sasa nafika mahali pagumu, na nitaandika moja kwa moja.

Kulikuwa na maonyesho Mukurweini na Zuhura alialikwa kupiga mishale. Alirudi kwa bodaboda, upinde umefungwa ubavuni. Kwenye kona moja walipishana na jamaa wa maziwa, na upinde ukagonga debe lake. Haukuanguka. Uligonga tu, ngo, kama mtu anayebisha mlango. Zuhura alimwambia baba yake siku hiyo hiyo, kabla hata hajavua koti. Hakuficha kitu. Fundi akaupeleka mlangoni penye mwanga, akautazama, hakuna alama. Mweusi, unang'aa. Akachukua pamba. Nilikuwa nimekaa pale pale nikipiga msasa mshiko. Akaipitisha pamba mbele na nyuma, mikono yote miwili, polepole kama alivyonifundisha, akarudia. Hakuna uzi ulionasa. Akaitazama ile pamba, safi kama ilivyotoka kwenye pakiti.

"Mzima," akasema.

Jumamosi iliyofuata Zuhura alikuwa anafanya mazoezi uwanjani nyuma. Fundi na mimi tulikuwa mlangoni. Alivuta kama kawaida, akatulia, na upinde ukapasuka. Hakukuwa na krr. Hakukuwa na mstari mweupe. Ulikuwa mzima, halafu ulikuwa vipande. Sauti yake ilikuwa kama ubao uliopigwa kwa sakafu. Zuhura hakupiga kelele. Aliinama na kujishika uso, akasema, "Baba, nimeingiwa na kitu kwa jicho."

Ilikuwa kaboni. Kipande chembamba kama mwiba wa samaki, jicho la kulia.

Sitaandika ya hospitali. Madaktari walifanya walichoweza, tulipelekwa kwa wengine wa macho, nao wakafanya walichoweza. Jicho lilibaki pale lilipo, lakini halioni. Mama Zuhura alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Fundi alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono juu ya magoti, na bado ilikuwa na vumbi la mbao. Kila aliyemkaribia, Fundi alimwambia maneno yale yale, hata muuguzi aliyepita tu na sinia.

"Pamba ilipita safi."

Muuguzi akasema, "Pole, mzee," akiwaza labda ni pamba ya kidonda.

Tuliporudi karakanani alikusanya vipande vya upinde kutoka kwenye nyasi, vyote, akaviweka mezani. Akachukua kisu na kupasua mkono uliovunjika kwa urefu wake. Aliniita nione. Chini ya kaboni, pale ulipogonga debe, tabaka zilikuwa zimeachana, kama kurasa za daftari lililonyeshewa. Juu hakukuwa na chochote. Ule uso mweusi ulikuwa umefunika jeraha vizuri kabisa. Kisha akachukua kipande kingine, kizima, akakigonga kwa kucha: tik. Akagonga karibu na pale palipoachana: tok. Alirudia. Tik. Tok. Alirudia mpaka nikataka kumshika mkono, lakini mimi siwezi kumshika mtu mzima mkono. Nikasimama tu.

"Ilikuwa inasema," akasema. "Haisemi kwa pamba. Inasema kwa sikio. Sikuisikiliza."

Gathoni, Brayo, hili ndilo nataka mlichukue, mengine mkisahau hakuna neno. Faibaglasi ni nzito na si ya haraka, lakini inadumu ikitendewa vibaya, na ikiumia inaonyesha. Kaboni inadumu vizuri sana ikitendewa vizuri. Haichoki kwa kuvutwa, haipindi kwa miaka. Lakini ikigongwa ubavuni, inaweza kuumia ndani na kubaki maridadi nje, na haikuombi. Inaenda mara moja. Mtu akiwaletea upinde wa kaboni uliogongwa, hata kama unang'aa vipi, ugongeni kwa kucha sentimita kwa sentimita na msikilize. Mkiwa na shaka, utoeni ugwe, ile kamba yake, na muuweke upinde kando, mteja akasirike. Na ikiwa ni lazima muitumie, ifichwe ndani, ikae kando ya mwanzi, na faibaglasi iwe nje ya kupokea makofi ya dunia. Mambo haya tuliyajua baadaye, kwa kuuliza watu wa mbali na kwa kupasua vipande. Yalikuwa yanajulikana. Hayakuwa yamefika Majengo.

Zuhura alirudi shuleni na miwani ya rangi. Siku ya kwanza darasa zima lilimgeukia, na yeye akasema, "Msijali, sasa naona nusu tu ya sura zenu, ni afadhali." Watu wakacheka na kulia. Mimi nilihama nikakaa upande wake wa kulia, ili watu wasije wakamgonga kutoka pale asipoona. Hakuniambia asante na mimi sikutaka.

Mkono wa kushoto alianza kuuzoesha nyumbani bila kumwambia mtu. Jicho la kushoto lilikuwa zima, kwa hivyo ilibidi ageuze kila kitu: mkono wa kuvuta, mguu wa mbele, bega. Alivuta mpira wa baiskeli uliofungwa kwenye nguzo ya kitanda, kila asubuhi. Ulipoanza kukaa vizuri alikuja karakanani, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, nataka upinde wa shoto."

Fundi alikuwa anapiga msasa kiti. Ndio, kiti. Alikuwa amerudia useremala, viti na meza za watu, pinde zote ameziweka juu ya dari.

"Nitakununulia cherehani," akasema.

"Sijui kushona."

"Utajifunza."

"Na kupiga mishale nilijifunza. Wewe ndiye ulinifundisha."

"Zuhura."

"Mchujo bado uko, baba. Kuna mwingine mwakani. Mimi sijakufa."

Fundi alitoka nje. Hakurudi mpaka sisi tukafunga mlango wenyewe. Hapo ndipo Zuhura aliacha kuongea naye. Fikirini nyumba ya Zuhura bila Zuhura kuongea. Mama yake alinivizia langoni akaniuliza kwa kunong'ona, "Muthoni, mama, nawe ndio umemwambukiza?" Alijaribu kufanya mzaha, lakini alijifuta macho kwa leso. Walikaa hivyo miezi. Walipitishiana chumvi kupitia kwa mama.

Kisha Jumamosi moja nilifika nikakuta kalibu imeteremshwa kutoka darini na Fundi anachagua mwanzi. Hakusema ni wa nani. Nilijua kwa sababu alikuwa akichonga mshiko uliogeuzwa. Nilifungua mikebe ya gundi hata kabla sijaambiwa.

Aliweka faibaglasi nje, kama zamani. Vizuri. Akaweka nyingine juu yake. Nikafikiri amekosea. Akageuza upande wa pili akafanya vile vile, kisha akaongeza mwanzi katikati, kisha akazungushia nyuzi za kioo na gundi kwenye kila kiungo mpaka ncha zikawa nene kama kidole gumba. Mnajua sasa kwa nini hiyo ni mbaya. Kila uzito unaouweka kwenye mkono wa upinde, upinde lazima ujibebe nao kabla haujaurusha mshale. Na ili binti aweze kuuvuta mkono mnene vile, alikuwa ameusugua ubavuni mpaka nguvu ikashuka kabisa.

Nilijikaza nikafungua mdomo. "Fundi, tabaka ni nyingi."

"Ongeza gundi hapo."

"Hautarusha."

Alinitazama. Tangu ile siku ya hospitali sikuwa nimeyaona macho yake vizuri.

"Hautavunjika," akasema. "Uugonge na nyundo. Upitishe lori juu yake. Hautavunjika."

Nikaongeza gundi.

Upinde ulikaa kwenye sanduku, ukatoka, akauvuta kwenye mti wa kupimia siku nyingi, zaidi ya upinde wowote. Alipitisha pamba. Aligonga kwa kucha na kuweka sikio. Akaurudisha, akauvuta tena. Ijumaa moja ya likizo, baada ya swala, alimwita Zuhura. Yeye alikuja akiwa amevaa buibui, akauona mezani, na miezi yote ile ya kunyamaza ikaisha kwa mara moja. Alimkumbatia baba yake shingoni mpaka kofia ikaanguka.

"Wa shoto?"

"Wa shoto."

Tulishuka uwanjani sote wanne. Mama Zuhura alisimama mbali, leso mdomoni. Robota la nyasi lilikuwa mahali pake pa siku zote, pale mwisho karibu na mti wa mparachichi. Zuhura aliuchukua upinde na nikaona uso wake. Aliupima kwa mkono, akauinua, akauvuta nusu, akaurudisha. Mtu aliyewahi kushika ule mweusi hawezi kudanganywa na mkono wake. Akanigeukia, upande wa jicho zima, akaongea bila kusogeza midomo sana.

"Muthoni. Huu ni wa mtoto."

"Najua."

"Anajua?"

"Sijui."

Akashusha pumzi. "Basi usimwambie."

Akasimama kwa shoto, mguu wa kulia mbele, kama alivyojizoesha. Alivuta vizuri. Kidevu kilitulia. Ningependa mngeona. Aliachilia, na mshale ukatoka kama mtu anayeenda shambani asubuhi, bila haraka, ukainama, ukachoma nyasi katikati ya njia. Akaweka mwingine, akalenga juu zaidi, juu karibu na mawingu. Huo nao ukaanguka mbele ya robota, ukalala.

Fundi alikuwa kando yangu. Nilisikia anapumua. Kisha akaanza kutembea, kanzu yake nyeupe ikigusa nyasi, mpaka kwenye robota. Akainama, akalikumbatia lile robota zima, zito, lenye unyevu, akalibeba kuelekea kwetu, akaliweka chini. Akatazama. Akalibeba tena, hatua chache karibu zaidi, akaliweka. Akasimama kando.

"Hapo, mama," akamwambia binti yake. "Jaribu hapo."

Zuhura alingoja atoke njiani. Akavuta, akapiga, katikati. Akapiga mwingine, katikati. Akapiga kelele na kurusha mkono juu kama mtu aliyeingia timu, na Mama Zuhura akapiga vigelegele kule mbali, na Fundi akajifuta uso kwa mkono wa kanzu huku akisema, "Umeona? Umeona?"

"Nimeona, baba."

Nilienda kuchomoa mishale. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya mwisho siku hiyo. Haikuwa mbali.